Mchezo Usiojua Kukataa

Lu Man-ju alizaliwa jirani kabisa na kwangu, katika kichochoro cha nyuma ya hekalu, na tangu utotoni hakuweza kucheza mchezo wowote bila kuubadilishia kanuni. Ukimpa kokoto, anazua sheria mpya. Ukimpa kamba ya kuruka, baada ya muda watoto wote wamekaa chini, yeye amesimama anawafafanulia nani ni mfalme na nani ni mamba. Wenzake walimshtaki kwa mama yake kwamba kila mchezo akiushika unageuka kuwa mwingine. Mimi nilikuwa nikimtazama kutoka mlangoni kwangu huku nakoroga uji wa samaki ninaouza, nikawaza, huyu atakuja kuwa hakimu au tapeli. Kumbe alikwenda Taipei akawa mbunifu wa michezo ya simu.

Huko alikaa miaka mingi. Siku moja alipokuja likizo nilimuuliza kazi yake hasa ni nini, maana mama yake alikuwa anaitangaza mtaani bila kuielewa. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja wangu, dirishani, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani.

"Shangazi, mimi nalipwa ili watu wasilale," akaniambia. "Mtu akitaka kuweka simu chini, mimi ndiye nimeshaweka kitu cha kumrudisha."

"Na wewe unaona sawa?"

"Ndiyo maana nimekuja kula uji kwako."

Haukupita muda mrefu akarudi moja kwa moja. Akapanga chumba juu ya fundi wa skuta, akafungua kompyuta zake, na kuanzia hapo hatukupumua. Kichwa chake kilikuwa kimejaa wageni. Mji wetu wa Tainan hujaa wageni mwaka mzima: wanapiga picha majoka ya paa la hekalu, wanakula, wanaondoka. Kwangu wanakuja, wananyoosha kidole kwenye picha ya bakuli ukutani, wanakula samaki wangu wa mwatiko kwa woga wa miiba, wanainama, wanakwenda. Mimi sijui hata kama kwao kuna samaki. Hilo lilimkera Man-ju kuliko lilivyonikera mimi, na mimi ni mtu wa kukereka.

Mchezo wake aliuita Nipe Nikupe. Mgeni anapewa kikapu kitupu ndani ya simu, na ramani ya vichochoro vyetu. Kila kituo ana jambo la kufanya kwa mikono yake mwenyewe, simu ikiwa mfukoni: kumsaidia bibi fulani kukunja karatasi za dhahabu za sadaka, kuvuka kizingiti cha hekalu bila kukikanyaga, na kwangu, kula mwatiko na kuitoa miiba kwa ulimi kama watu wazima. Akishajifunza, njia haifunguki mpaka naye atoe kitu cha kwao. Anakieleza kwa sauti yake, na sisi wa mtaa tunakisikia kwenye simu zetu, maneno yakiwa yameandikwa chini kwa lugha yetu. Wakati wa majaribio Mjerumani mmoja alinieleza kwamba kwao, usiku wa kuamkia harusi, watu huja kuvunja vyombo mlangoni kwa bibi harusi, na maharusi ndio wanaofagia. Nilicheka mpaka uji ukashika chini. Siku ile nilijua mtoto huyu ameshika kitu kikubwa, na nikawa namtangaza kuliko mama yake.

Ila mtaa wetu una moyo wake, nao ni hekalu. Pale anakaa Ong-ia, mungu anayetulinda, na hakuna jambo la mtaa linaloanza kabla yeye hajaulizwa. Wenye maduka walisema waziwazi: hekalu likikubali, tumo, likikataa, tufutie majina. Na bosi wake wa zamani kule Taipei alikuwa bado amemwekea Man-ju kiti chake, anampigia simu kila wiki kumuuliza kama amechoka kucheza kijijini. Kwa hiyo ilikuwa hivi: bila hekalu hakuna mtaa, bila mtaa hakuna Nipe Nikupe, na bila Nipe Nikupe binti anarudi kuwanyima watu usingizi. Alinieleza hayo huku anatafuna kucha. Nilimpiga kofi la mkononi, nikamwambia avae nguo nzuri aende kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wa kamati ya hekalu ni Khoo Thian-sek. Nimemjua tangu tukiwa na meno ya utoto, na tangu hapo anajiona yeye ndiye nguzo ya paa. Walikuwa wamekaa ukumbini, wazee wa kamati, wanakunywa chai kwenye vile vikombe vidogo. Mimi niliingia na sufuria ya uji ili nisiulizwe nimefuata nini.

Man-ju akawaonyesha mchezo. Walifurahi. Walipenda picha ya paa, walipenda kikapu, walibishana kwa nini sauti ya ngoma haifanani na ya kwetu. Kisha akafika kwenye kituo cha hekalu, kile alichokitengeneza kwa mapenzi yote: mgeni anauliza swali lake, anatikisa simu, na vibao viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga vinaanguka kwenye skrini, vinadunda na kutulia, kama vile vya kweli tunavyovitupa sakafuni mbele ya madhabahu. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, umejibiwa ndiyo. Vyote kifudifudi, hapana. Vyote chali, Ong-ia anakucheka.

"Haya, mwanangu," Khoo akasema, akavaa miwani. "Naweza kuuliza chochote?"

"Chochote, mzee. Kiwe cha kujibiwa ndiyo au hapana."

Khoo akafumba macho kwa heshima zote. "Mimi Khoo Thian-sek, niache pombe?" Akatikisa. Ndiyo.

Wazee wakamcheka. Yeye akakuna kidevu, akatikisa tena. "Mimi Khoo Thian-sek, niendelee na pombe?" Ndiyo.

"Hebu," akasema.

"Uliza kama wewe ni mwenyekiti mbaya," nikamwambia kutoka kwenye sufuria yangu.

"Bi Khim, nani kakualika?"

"Uliza tu, mbona unaogopa?"

Akauliza, maana wenzake walikuwa wanamkazia macho. Vibao vikadunda, vikatulia. Ndiyo! Ukumbi mzima ulilipuka. Mzee mmoja alimwaga chai mapajani. Hata Man-ju alicheka, lakini nikaona rangi inampotea usoni kidogokidogo, kwa sababu Khoo hakucheka. Aliiweka simu mezani taratibu.

"Mwanangu, huyu uliyemweka humu ndani ni nani? Maana mwenye nyumba hii simwoni humo."

"Mzee, nilifikiria wageni," Man-ju akasema. "Mtu ametoka mbali, ana siku moja tu Tainan, anapiga magoti, anauliza lililomkaa rohoni. Nimjibu hapana? Mgeni? Niliona aibu. Ndiyo maana nikaweka kila mara ajibiwe vizuri."

Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu sote tungefanya vilevile. Sisi watu wa Tainan tunatia sukari kila kitu: kwenye tambi, kwenye soseji, kwenye mchuzi wa samaki, na kwenye maneno. Mgeni akituuliza njia ya mahali pasipokuwepo, tunampakia kwenye skuta tukapatafute. Neno hapana halitutoki. Tunasema labda, tunasema kesho, tunasema ngoja niulize. Mtu wa Taipei asingekosea namna ile. Angeweka hapana na ndiyo nusu kwa nusu akaenda kula chakula cha mchana.

"Mimi sina la kusema," Khoo akasema. "Mwenyewe yupo. Kamuulize."

Man-ju akawasha udi, akapiga magoti, akashika vile vibao vya kweli, vyekundu, vilivyolainishwa na mikono ya watu wa zamani. Akasema jina lake, nyumba anakokaa, kazi aliyoileta. Akaomba ruhusa ya kuliweka hekalu kwenye mchezo. Ruhusa kubwa namna hiyo inataka ndiyo tatu mfululizo. Akatupa.

Vyote chali. Anacheka.

Akatupa tena. Anacheka. Akatupa tena. Anacheka tu! Mimi nilikuwa nimeshasahau uji, nimesimama nyuma yake nimekunja ngumi.

"Hajakuelewa, mwanangu!" nikamwambia. "Mdodose!"

Ndivyo tunavyofanya mheshimiwa akicheka: unatafuta mwenyewe kinachomchekesha. Man-ju akavuta pumzi. Ni picha zangu hazijakupendeza? Hapana. Ni jina la mchezo? Hapana.

"Muulize kama ni kwa sababu Bi Khim yumo ndani," Khoo akadakia.

Binti wa watu, kwa hofu aliyokuwa nayo, akauliza kweli. Hapana! Niligeuka nikamkazia Khoo macho.

Kisha Man-ju akavitazama vibao vilivyolala viganjani mwake. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ni vile vibao vyangu vya kwenye simu?"

Ndiyo. Akatupa tena, ndiyo. Akatupa tena, ndiyo.

Akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Khoo akamsaidia kuinuka, maana pamoja na majivuno yake si mtu mbaya. Akamwambia, "Karekebishe. Ila ufanye hima. Sikukuu ya Ong-ia ikishapita kamati haikai tena mpaka mwaka ujao." Na mwaka ujao ilikuwa ni Taipei, hilo halikuhitaji kuelezwa.

Nilimfuata mpaka chumbani kwake juu ya fundi wa skuta, nikakuta amejiinamia.

"Kurekebisha ni kazi ndogo, shangazi," akasema. "Naondoa ule ujanja wangu, vibao vinaanguka vinavyotaka. Lakini hii ndiyo kazi yangu, naijua. Mchezaji ukimkatalia mapema, anafuta mchezo. Hakasiriki hata. Anafuta tu, anaenda kununua chai."

"Basi na afute."

"Akifuta, nimekwisha. Nisipobadilisha, nimekwisha vilevile."

"Sasa si bora ukwishe ukiwa umesema kweli?"

Akainua kichwa. Kisha akavuta kompyuta karibu, nami nikashuka ngazi, kwa sababu hajui kufanya kazi mtu akimtazama.

Jaribio lilifanyika uani mwa hekalu, mchana kweupe, watu wakijiandaa na sikukuu. Mabibi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wanakunja karatasi za dhahabu, vijana wanasugua kiti cha kubebea sanamu ya Ong-ia kwenye maandamano, na Khoo anawapigia kelele wote. Mgeni aliyepatikana alikuwa mama mmoja wa Ufini, jina lake Raili, mrefu, kimya, mwenye kofia ya kitambaa. Alikuwa ameshapita kwangu. Alikula mwatiko wake bila kusema kitu, akapanga miiba yote ukingoni mwa sahani kwa mstari ulionyooka. Nilimpenda papo hapo.

Akafika kwenye kituo cha vibao. Man-ju alijibanza nyuma ya nguzo, mimi nimejibanza nyuma ya Man-ju. Raili akaisomea simu swali lake kwa lugha yake, akatikisa. Nikachungulia skrini yake.

Hapana.

Man-ju akanishika mkono, kucha zikaniingia. Raili akatikisa tena. Hapana. Akatikisa tena. Anacheka. Mama wa watu akasimama pale anaitazama simu, halafu akayatazama madhabahu, halafu akaitazama simu. Nikajua sasa anafuta. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumfariji binti.

Hakufuta. Aliinua kichwa, akaangalia huku na huku, akamwendea bibi aliyekuwa karibu naye kwenye kiti cha plastiki, akamwonyesha skrini na kuinua mabega: sasa nifanyeje?

Bibi akavaa miwani. "He! Umekataliwa," akasema. "Umeulizaje?"

Raili hakuelewa. Bibi akarudia kwa sauti kubwa, kama kwamba kelele zingesaidia: "Umeulizaje?" Bibi wa pili akasogeza kiti. Wa tatu akaacha karatasi zake. Mmoja akaita, "Man-ju! Toka huko nyuma ya nguzo, tunakuona! Njoo utafsiri!"

Basi ikatoka yote, na nawaambia, hatujawahi kufaidi kitu kama kile. Raili ana dada yake. Hawasemezani. Aliuliza kama ampigie simu.

"Wamegombana nini?" Khoo akauliza, naye ameshafika, ameacha vijana na kiti chao.

Man-ju akauliza kwa Kiingereza, akasikiliza, akakunja uso. "Wanagombea chumba cha kuogea. Cha marehemu baba yao."

"Bafu?"

"Bafu la mvuke, mzee. Kibanda cha mbao kando ya ziwa. Kuna mawe ya moto, unayamwagia maji."

"Watu wazima wanagombana kwa ajili ya bafu!"

"Na wewe na kaka yako mligombea nini?" nikamuuliza. "Si banda la bata?"

"Banda la bata lina mapato!"

Raili akataka kujua tunabishana nini. Man-ju akamweleza habari za banda la bata, na yule mama aliyekuwa kimya tangu asubuhi akaangua kicheko mpaka akavua kofia. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaanza kusimulia kwa mikono. Kwao, akasema, mle ndani hakuna kugombana wala kupayuka. Unakaa uchi na ndugu zako gizani, unamwaga maji juu ya mawe, mvuke unapanda, mnasikiliza. Baba yao alikuwa akisema mvuke una mwenyewe wake, na huyo mwenyewe huchukia makelele. Sasa kibanda kimefungwa kufuli, kila dada ana ufunguo wake, na hakuna anayeingia.

Mabibi wakatoa sauti ile ya kooni tunayoitoa msibani. "Basi ndiyo maana ya hapana," mmoja akasema. "Simu ni makelele. Mwambie aulize kama aende mwenyewe."

Raili akauliza hivyo. Akatikisa simu. Vichwa vyote vya mtaa vilikuwa juu ya ile skrini ndogo, hata vijana wa kiti cha maandamano. Vibao vikadunda, kimoja kikazunguka, kikazunguka, kikalala.

Ndiyo! Tulipiga kelele mpaka njiwa wa paani wakaruka. Bibi mmoja alimkumbatia Raili kiunoni, maana ndipo alipofika. Mimi nilikuwa nalia na sikujua kwa nini, mimi ninayegombana na wauza samaki kila alfajiri. Niliwahi kuwaona wageni wa ule mchezo wa mwanzo: wanajibiwa ndiyo, wanatabasamu, wanapiga picha, wamekwenda. Huyu alikataliwa, na sasa tulikuwa tunajua hata rangi ya mlango wa bafu la baba yake.

Man-ju hakupiga kelele. Alikuwa amesimama ameziba mdomo kwa viganja, macho yanawaka.

"Leo," Khoo akamwambia. "Sasa hivi. Nenda kanawe mikono."

"Mzee, sijajiandaa."

"Na mimi nimejiandaa? Kanawe."

Watu wote wakaingia nyuma yake. Waliobaki nje walichungulia dirishani. Raili alisimama mbele, mabibi wamemshika huku na huku kama mtoto wao. Man-ju akawasha udi, akapiga magoti, akasema jina na nyumba. Akasema vibao vya kwenye simu sasa vinaanguka vinavyotaka. Akaomba mchezo ufunguliwe kwa wageni wote siku ya sikukuu, siku ya kuzaliwa kwa Ong-ia, maandamano yakitoka, hekalu likiwa ndicho kitovu chake.

Akatupa. Ndiyo. Watu wakavuta pumzi kwa pamoja.

Akatupa. Ndiyo! Nilimwona Khoo ameshika ukingo wa meza ya sadaka.

Akatupa mara ya tatu. Kibao kimoja kikaanguka kifudifudi pale pale. Cha pili kikaruka, kikagonga mguu wa meza, kikarudi kinayumba, kikalala.

Kifudifudi.

Kisha Khoo akakohoa.

"Mimi macho yangu ni ya kizee," akasema. "Lakini naona kile cha pili kiko chali."

"Kiko chali," bibi mmoja akasema haraka.

"Hata mimi nakiona," akasema mwingine. "Kiko chali kabisa. Kile pale."

"Ndiyo tatu! Hongera, Man-ju!" Vijana wakaanza kupiga makofi. Mtaa mzima ulikuwa tayari kumtilia sukari, na nawaambia ukweli, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema vilevile. Kitu gani kingepungua? Angebaki nyumbani. Angekula uji wake kwangu kila asubuhi.

Man-ju akageuka akiwa bado amepiga magoti. Machozi yalikuwa yanamtoka wazi.

"Hapana, mzee," akasema. "Kiko kifudifudi. Nimekiona, na nyinyi mmekiona."

Makofi yakafa. Ile hapana ilisikika ukumbini kama mtu amedondosha sahani, maana sidhani kama alishawahi kumwambia mtu mzima neno hilo katika maisha yake. Khoo akauachia ukingo wa meza. Kisha akainamisha kichwa mbele yake, mwenyekiti mzima, mbele ya watu.

Ndipo Raili, ambaye hakuwa ameelewa lolote isipokuwa vile vibao viwili sakafuni, akasema kwa lugha yetu, kwa lafudhi ya kutisha, neno pekee alilolishika siku ile:

"Umeulizaje?"

Man-ju akamtazama. Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Nimeuliza kama tufungue siku yake ya kuzaliwa," akasema polepole, kama anajieleza mwenyewe.

"Siku yake ya kuzaliwa!" bibi mmoja akang'aka. "Yeye amebebwa juu, fataki zinalia, na wageni wameinamia simu? Hata mimi ningekataa!"

"Mbona hukusema mapema?" Khoo akamfokea.

"Nani aliniuliza?"

Man-ju akaviokota vile vibao. Akasema upya jina lake na nyumba yake, tangu mwanzo, bila kuruka neno. Akaomba mchezo ufunguliwe baada ya sikukuu, Ong-ia akisharudi nyumbani na kupumzika.

Akatupa. Ndiyo.

Akatupa. Ndiyo.

Safari hii mara ya tatu hakuharakisha. Aliviinua vibao mpaka usawa wa paji la uso, akafumba macho, akaviachia. Vilianguka karibu karibu, vikagongana, kimoja kikateleza mpaka kwenye goti lake. Kila mtu pale ndani alikiona, na hakuna aliyethubutu kusema. Khoo alinyamaza. Mabibi walinyamaza, na mimi, ambaye sijawahi kunyamaza, nilinyamaza. Tulikuwa tunamngojea yeye.

Man-ju akafumbua macho, akaangalia chini kwa muda mrefu.

"Ndiyo," akasema.